Siku Mbili Kabla ya Maumivu

Kwangu shambulio haliji na maumivu. Linakuja na usingizi kukatika. Naamka saa nane usiku, macho makavu, moyo unakwenda mbio kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, na mapaja yananiuma kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki hata ukiyakanda. Kesho yake choo kinagoma, harufu ya chakula inanichefua, na neno dogo tu la mtu linanitoa machozi. Mume wangu huwa analiona kabla yangu. Huniuliza taratibu, "Leo umekula saa ngapi?" Miaka ya mwanzo swali hilo lilikuwa likiniudhi mno. Maumivu ya tumbo yenyewe hufika siku ya pili au ya tatu.

Nina porfiria kali ya vipindi. Ni ugonjwa wa kurithi, na ni adimu kiasi kwamba wauguzi wengi niliokutana nao walikuwa wanalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu. Nimeishi nao nikiujua kwa miaka 17, na kabla ya hapo niliishi nao miaka mitatu bila kujua unaitwaje. Kama ningeulizwa nimejifunza nini katika muda wote huo, ningesema hivi: hizo siku mbili za mwanzo ndizo zangu. Maumivu yakishafika, kazi ni ya hospitali. Kabla hayajafika, kazi ni yangu, na nikiifanya vizuri mara nyingi hayafiki.

Miaka mitatu ya kutojua ilinigharimu kidole tumbo kilichokuwa kizima. Nilikuwa na umri wa miaka 23. Nilipelekwa hospitali nikiwa nimejikunja, nikitapika, na daktari alipobonyeza tumbo alilikuta laini. Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa huu. Mgonjwa analia, lakini tumbo halijakakamaa, pengine hana hata homa, na picha hazionyeshi kitu, kwa sababu kinachouma ni neva zinazoongoza tumbo na siyo utumbo wenyewe. Walinipasua kwa tahadhari. Nilipozidi kuumwa baada ya upasuaji, na safari zilizofuata, kwenye faili langu pakaandikwa kwamba nina wasiwasi uliopitiliza. Maandishi hayo yalitangulia mbele yangu kila nilikokwenda. Nilikuwa nikifika dirishani nakuta nimeshahukumiwa.

Aliyenitoa huko ni daktari kijana wa zamu ya usiku. Kichupa changu cha mkojo kilikuwa kimesahaulika mchana kutwa karibu na dirisha, na rangi yake ilikuwa imegeuka kutoka njano hadi nyekundu iliyokolea, kama mvinyo. Wengine walidhani ni damu. Yeye akaomba mkojo mpya, akakizungushia kichupa karatasi ya aluminiamu ili mwanga usiingie, akaandika vipimo viwili: porfobilinojeni, ambayo maabara huiita PBG kwa kifupi, na kreatinini, taka ya kawaida inayotoka na mkojo, ya kulinganishia. Majibu yalichukua siku sita. PBG ilikuwa juu mno, na kwa shambulio kali namna ile karibu hakuna ugonjwa mwingine unaoipandisha kiasi hicho. Kipimo cha mkojo tu, wala si cha gharama ya kutisha. Mpaka leo nikimwona mwanamke kijana anarudishwa nyumbani na tumbo lisiloelezeka kwa mara ya tatu au ya nne, moyo wangu unauma, kwa sababu najua kuna kichupa kimoja ambacho hakuna aliyefikiria kukiomba.

Daktari yule alinieleza ugonjwa kwa mfano ambao sijauacha. Ini, alisema, ni kama karakana inayotengeneza hemu, kitu kile kinachoipa damu wekundu wake, ambacho ini pia hukihitaji kwa kazi zake lenyewe, hasa ya kuchakata dawa. Hemu hupita mikononi mwa mafundi wanane, kila mmoja akifanya hatua yake. Mafundi hao ni vimeng'enya. Fundi wangu wa tatu amezaliwa na nusu ya nguvu. Siku za kawaida nusu hiyo inatosha kabisa, na ndiyo maana watu wengi waliorithi jeni hili huishi hadi uzeeni bila shambulio hata moja. Lakini ini likihitaji hemu nyingi kwa ghafla, fundi wa kwanza hufungulia mali kwa wingi, na mali hiyo inarundikana mbele ya yule wa tatu. Rundo hilo ndilo PBG na mwenzake aitwaye ALA. ALA ikimwagika kwenye damu, neva zinaumia: za tumbo kwanza, kisha za moyo na presha, za mikono na miguu, na mwishoni hata za kupumua.

Kwa hiyo kuzuia shambulio maana yake ni kutomchokoza fundi wa kwanza. Wanaomchokoza wanajulikana: njaa, dawa fulani, homoni za mzunguko wa mwezi, pombe, sigara, maambukizi, na msongo wa muda mrefu. Mara nyingi hawaji mmoja mmoja. Mimi nikijumlisha mafua, wiki ya kabla ya hedhi, na mlo mmoja nilioruka kwa sababu ya kikao, najua tayari nimeshafika pabaya.

Nianze na njaa, maana ndiyo iliyonifunza kwa ukali. Mwaka wa pili baada ya kujua ugonjwa wangu niliamua kupunguza uzito kwa kuacha wanga kabisa, kama rafiki zangu walivyokuwa wakifanya. Siku ya tisa nililazwa. Ini lenye njaa hutoa amri ileile ambayo dawa mbaya huitoa, na glukosi huituliza amri hiyo. Ndiyo sababu hospitali hutundika dripu ya glukosi shambulio linapoanza, angalau gramu 300 kwa siku, huku wakisubiri tiba yenyewe.

Nikatoka pale na kosa la upande wa pili. Niliposikia glukosi ni dawa, nikaanza kula sukari asubuhi mpaka usiku, nikiamini kila kijiko ni ngao. Nikanenepa kilo 14, presha ikapanda, na mashambulio hayakupungua hata moja. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeniweka sawa. Alinieleza kwamba kinachokinga ni chakula cha kawaida, kilichokamilika, chenye wanga zaidi kidogo ya nusu, kinacholiwa kwa saa zake bila kukatika. Sukari ya ziada siku nilizo mzima hainiongezei kinga yoyote. Tangu hapo nimekuwa na utaratibu ambao wageni huuona wa ajabu: nakula ndani ya saa moja tangu niamke, mchana sipitishi saa nne bila kitu tumboni, na nakula kidogo kabla ya kulala ili usiku usiwe mrefu. Pembeni ya kitanda kuna kitu kikavu cha kutafuna na maji. Nikihitaji kupunguza uzito, napunguza polepole mno na kwa usimamizi. Kufunga, kwa sababu yoyote ile, nimeacha, na ilinichukua muda kukubali kwamba hilo si udhaifu wa nia.

Kuna njaa nyingine ambayo watu huisahau: ile ya kuamriwa. "Usile chochote tangu usiku, kesho una kipimo." Mara mbili niliitii amri hiyo kwa unyenyekevu, nikaachwa kwenye benchi mpaka alasiri. Sasa nasema mapema, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, kwamba nahitaji kuwa wa kwanza kwenye orodha, na kama haiwezekani basi niwekewe dripu ya glukosi nikisubiri. Kila nilipoeleza sababu kwa utulivu, nimekubaliwa.

Dawa ni habari ndefu zaidi, na hatari yake ni ya zamani kama maandishi ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1889 daktari wa Uholanzi, Stokvis, aliandika habari za mwanamke aliyetoa mkojo mwekundu mweusi baada ya kutumia sulfonali, dawa ya usingizi ya enzi hizo. Baadaye zikaja barbiturati, ambazo zilitumika sana kwa usingizi na kwa nusu kaputi, na watu waliokuwa wamebeba jeni bila kujua wakaanza kupooza baada ya upasuaji mdogo. Afrika Kusini iliona jambo hili kwa wingi. Huko kuna porfiria nyingine, ndugu wa hii yangu, ambayo wagonjwa wengi wamefuatiliwa nasaba hadi ndoa moja ya walowezi wa Kiholanzi iliyofungwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Jeni lilipita karne kwa karne, likiwa limelala ndani ya watu wengi, mpaka dawa mpya zilipokuja kuliamsha.

Mimi niliamshiwa langu na vidonge vya maambukizi ya njia ya mkojo. Vilikuwa na salfa. Niliyempa cheti alinihakikishia kwamba ni dawa ya kawaida kabisa, na kweli ni ya kawaida, kwa watu wengine. Siku ya tatu nilikuwa siwezi kunyanyua chanuo. Tangu siku hiyo simezi kidonge kwa neno la mtu. Naangalia jina halisi la dawa, siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, kisha nalitafuta kwenye orodha za dawa za porfiria zinazotunzwa na wataalamu. Kituo cha porfiria cha Norway, NAPOS, kilichopo Bergen, ni miongoni mwa wanaoshughulika na kazi hiyo. Dawa za kifafa za zamani ndizo ninazoziogopa kuliko zote: fenobarbitali, fenitoini, kabamazepini, valproeti. Nazitaja kwa sababu shambulio kali linaweza kuleta degedege, na mtu wa zamu, kwa nia njema kabisa, anaweza kuchukua hasa ile itakayozidisha moto. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo imo kwenye orodha ya hatari.

Lakini kuna kosa ambalo nadhani limetuumiza wagonjwa wengi kuliko kidonge kibaya, nalo ni kuogopa dawa zote. Nililifanya. Nilipata jipu la jino nikalivumilia kwa wiki nzima bila dawa yoyote, nikiamini kwamba kuvumilia ndiko salama. Homa na kutokula vikaleta shambulio ambalo amoksilini ingelizuia. Dawa salama zipo, na ni nyingi: paracetamoli, penisilini na amoksilini, na mofini kwa maumivu makubwa. Maambukizi yasiyotibiwa ni kichocheo kama kichocheo kingine. Mgonjwa akiwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa mwingine, daktari anaweza hata kuamua kutumia dawa yenye mashaka akiwa amejiandaa. Huo ni uamuzi wake na mgonjwa, wakiongea kwa uwazi.

Kuhusu hedhi nilichelewa sana kuongea, kwa aibu. Ilibidi muuguzi mmoja aniulize, "Dada, umewahi kuandika tarehe?" Nikaanza kuandika kwenye kalenda ndogo. Baada ya miaka miwili nilikuwa na mashambulio 11, na 9 kati yake yalikuwa yameanguka katika wiki ile ya kabla ya hedhi. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, na kwa baadhi yetu ndiyo inayomsukuma fundi wa kwanza. Haikuwa ajabu tena kwamba ugonjwa ulianza nikiwa mtu mzima; kabla ya balehe mashambulio ni nadra sana, na wanaoumia zaidi ni wanawake walio katika miaka ya kupata hedhi.

Kalenda hiyo ilibadilisha matibabu yangu kuliko kipimo chochote. Daktari alinipa sindano ya kuzuia mzunguko, iliyoanzwa siku za kwanza kabisa za hedhi, na nikaipata miezi sita ya amani. Nilipata pia joto la ghafla usiku na hofu ya mifupa kudhoofika, ndiyo maana hatukuendelea nayo. Kwa kupanga uzazi tulikubaliana kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Hata sasa wiki ile nailinda kuliko nyingine: sipangi safari, sifanyi mazoezi ya kuchosha, na milo haisogei hata nusu saa.

Ujauzito niliogopeshwa nao mno. Niliambiwa na watu wasiojua kwamba nisijaribu. Mtaalamu alinieleza kwamba wanawake wengi wenye porfiria hii hupita salama, na ndivyo ilivyokuwa kwangu, isipokuwa wiki ya tisa nilipoanza kutapika kila kitu. Hapo hatari haikuwa mimba, ilikuwa njaa. Siku mbili za dripu ya glukosi zilitosha. Binti yangu sasa ana miaka 12.

Siku za karibuni nafikiria sana barua yangu, ile ninayoibeba kwenye pochi. Ni ukurasa mmoja, una sahihi na simu ya kitengo kinachonitibu. Inasema nina nini, nipewe nini, nisipewe nini. Inasema nipimwe sodiamu mara nifikapo, kwa sababu hushuka ghafla na ndiyo moja ya njia za kufikia degedege. Inasema kwamba nikilalamika mikono haina nguvu, au sauti imebadilika, au pumzi ni fupi, nisiachwe kwenye foleni. Na ina mstari mmoja ambao niliuongeza baada ya ugomvi mrefu: kiwango changu cha PBG ninapokuwa mzima. Wengi wetu tuliokwisha kupata mashambulio ya mara kwa mara, PBG hubaki juu hata siku za afya. Kwa hiyo namba kubwa peke yake haithibitishi kwamba tumbo la leo ni porfiria. Ninaweza kupata mawe ya nyongo kama mtu mwingine yeyote. Aliyejua ugonjwa wangu vizuri zaidi ndiye aliyewahi kukaribia kunikosea hapo, kwa kuamini kila maumivu yangu ni yaleyale.

Tiba yenyewe ya shambulio ni hemini, inayopitia mshipani, miligramu 3 hadi 4 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku, kwa kawaida siku nne. Ini likipata hemu iliyo tayari, fundi wa kwanza hutulia. Marekani iliiidhinisha mwaka 1983, kwa hiyo si dawa ngeni, ila hospitali nyingi haziiweki, na kuiagiza huchukua muda. Huo ndio muda unaoumiza. Mwaka mmoja nilingojea siku tano, na nilipotoka nilikuwa naburuta mguu wa kulia. Ulirudi baada ya miezi minane ya mazoezi. Neva hupona, lakini hazina haraka. Ndiyo sababu nasema siku mbili za mwanzo ni zangu: nikipiga simu usiku wa kwanza wa kukosa usingizi, dawa inaweza kuwa imeshafika ninapofika mimi.

Hemini huunguza mishipa. Tumieni mshipa mkubwa, na ombeni usafishwe kwa maji ya chumvi ya kutosha kila baada ya dozi. Mimi sikujua, na mikono yangu ya kushoto na kulia sasa haina mshipa unaoonekana. Kwa miaka mitatu nilichomwa hemini kila wiki kama kinga, kupitia kifaa kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Ilinisaidia. Lakini kila dozi huacha chuma mwilini, na feritini yangu, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilipanda hadi tukaanza kuhofia ini. Nilianza pia kuhisi kwamba siku moja kabla ya dozi mwili unadai, na sikujua kama ni ugonjwa au ni mazoea.

Kisha ikaja givosirani. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2019 na Ulaya mwaka 2020. Ni sindano ya chini ya ngozi, mara moja kwa mwezi, na inakwenda moja kwa moja kwa yule fundi wa kwanza: inazima ujumbe unaoliamuru ini limtengeneze kwa wingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 94 walifuatiliwa kwa miezi sita, na wenye porfiria kama yangu waliopata dawa walikuwa na mashambulio pungufu kwa asilimia 74 kuliko waliopata sindano isiyo na dawa. Mimi ni mmoja wa waliobahatika kuipata baadaye. Mwaka wa kwanza nililazwa mara moja badala ya mara saba. Nalia nikiandika hili, kwa sababu nawajua wenzangu ambao haijawafikia na huenda isiwafikie kwa bei yake.

Nayo ina madai yake. Kichefuchefu, uchovu, wekundu pale inapoingia. Vimeng'enya vya ini na kreatinini lazima vipimwe, na homosisteini, aina ya asidi iliyomo kwenye damu, inaweza kupanda, kwa hiyo damu yangu huangaliwa na vitamini B6 nayo imo kwenye mpango. Kwa walioshindikana kabisa, kupandikizwa ini huumaliza ugonjwa, kwa sababu rundo lote hutokea humo. Nilifikishwa kwenye mazungumzo hayo mara moja. Sikuyahitaji.

Hata bila mashambulio kuna kazi ya kimyakimya. Presha na figo hupimwa kila mwaka, maana ugonjwa huu huzitafuna figo polepole. Kuanzia miaka 50 ini huangaliwa kwa utrasaundi kila miezi sita, kwa kuwa saratani ya ini hutupata zaidi kuliko wengine, hata wale ambao hawajawahi kuumwa. Mimi bado miaka saba. Baba yangu ameshaanza.

Maana jeni limetoka kwa baba. Hajawahi kuumwa tumbo maishani mwake. Nilipopewa majibu, tuliambiwa kwamba kila mtoto wa aliyebeba jeni ana nafasi nusu kwa nusu, na familia ikaitwa kupimwa. Mdogo wangu wa kiume alikataa. Nilimshinikiza kwa mwaka mzima, nikamfanya asipokee simu zangu, na sasa naona nilikosea. Nilimpa orodha ya dawa, nikamwomba aifuate kama vile anao ugonjwa, nikanyamaza. Anaifuata. Binti yangu tulimpima mwaka jana, kabla mwili haujaanza kubadilika, baada ya kuongea naye kwa maneno yake. Anao. Ana bangili yake, na anajua kusema jina la ugonjwa bila kukwama, vizuri kuliko baadhi ya madaktari.

Baba alipopata majibu yake alikaa kimya siku nyingi. Halafu jioni moja akaja nyumbani, akaomba nimweleze tena habari za zile siku mbili za mwanzo. Nikamwambia: usingizi unakatika, mapaja yanauma, na mimi huwa natamani kitu kitamu mno. Akaniuliza kama nina hakika na hicho cha mwisho. Nikasema ni mwili wangu tu, sijui wa wengine.

Akaanza kunisimulia habari za shangazi, dada yake, ambaye mimi sikumkuta. Alikuwa akiumwa tumbo kila mwezi tangu alipovunja ungo. Alifariki akiwa na miaka 29, amepooza mikono na miguu, baada ya kuchomwa sindano za kumtuliza. Hilo nilikuwa nimeshalisikia. Ambalo sikuwahi kulisikia ni kwamba usiku wa kabla ya kila ugonjwa, shangazi alikuwa akiamka, anakwenda jikoni gizani kutafuta sukari. Nao walikuwa wakimrudisha kitandani, wakimwambia alale na njaa ili tumbo lipumzike. Baba ndiye aliyekuwa akitumwa kumrudisha. Alikuwa na miaka kumi na kitu.

Hakusema zaidi. Aliondoka usiku, na tangu siku hiyo kila akilala kwetu, naamka nakuta sahani iliyofunikwa mlangoni kwa binti yangu, na nyingine mlangoni kwangu.